Nastaafu mwezi wa nane na mfumo wenyewe unabadilika, nawaagaje watoto na wazazi?

Mama_Chaki

Habari zenu wadau wa elimu, poleni na majukumu. Nina jambo linaninyima usingizi, naombeni mawazo hasa kwa walimu wenzangu na wazazi.

Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi huku vijijini mkoa wa Dodoma. Mwezi wa nane mwaka huu natimiza miaka 60 kwahiyo nastaafu kwa mujibu wa sheria. Ualimu nimeanza mwishoni mwa miaka ya 80 na cheti cha daraja la IIIA ila shule hii nimekuja 2002, kipindi kile cha MMEM (Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi), ada imefutwa watoto wanamiminika, tunaandikisha mpaka wa miaka 12 na 13 ambao hawajawahi kushika daftari, wengine wanasoma chini ya mti, wengine wanaingia asubuhi wengine mchana, na wanakijiji wanafyatua matofali huku sisi tunafundisha. Yaani shule hii nimeiona ikisimama ukuta kwa ukuta na wazazi wengi wanaoleta watoto saivi nimewafundisha mwenyewe.

Sasa shida yangu ni kwamba naondoka katikati ya mabadiliko. Kwa wasiojua iko hivi, mtaala mpya ulioanza Januari 2024 uliingia la kwanza na la tatu, na elimu ya msingi inatoka miaka saba inakua sita. Waliokua la tatu 2024 leo wako la tano, watamaliza wakiwa la sita mwaka 2027. Waliokua la nne 2024 wao wanaendelea na utaratibu wa zamani mpaka la saba, nao wanamaliza 2027 hiyo hiyo. Kwahiyo mwakani madarasa mawili yanatoka kwa pamoja, Januari 2028 yote yanaingia kidato cha kwanza, na baada ya hapo darasa la saba halipo tena. Kwa shule kama yetu la saba ndio kila kitu. Viranja wanatoka huko, mpiga kengele, wanaowapeleka wadogo kuchota maji, kwaya, ndio wazee wa shule. Na mimi siku hiyo ya kuwatoa wote wawili sitakuwepo.

Wazazi wameshaanza kuniuliza mwalimu unatuachaje na hili. Mmoja kwenye kikao aliongea kwa uchungu kabisa kwamba naukimbia mfumo. Umri ndio umefika lakini maneno yale yamenikaa moyoni mpaka leo.

Sasa naomba ushauri, nikubali kuagwa kwa sherehe au nikabidhi ofisi niondoke kimya kimya? Watoto niwaambie lini na kwa maneno gani, hasa hawa wa la tano na la sita wanaojua mimi ndio nitawafikisha mwisho? Na wazazi wenye hofu nawaambia nini wakati mimi siamui chochote kuanzia Septemba?

mstaafu_Korogwe

Mwalimu hongera sana, kufika 60 kazini na bado unawaza watoto watabakije sio jambo dogo. Mimi nimestaafu 2019 nikiwa mkuu wa shule pia.

Usiondoke kimya. Kijijini ukinyamaza watu wanakutungia sababu, watasema umehamishwa kwa kosa, watasema hela za shule, na huyo mzazi aliyesema unakimbia atapata wa kumuunga mkono. Anza na kikao cha walimu, kisha kamati ya shule, alafu watoto, alafu mkutano wa kijiji, na vyote viishe ndani ya wiki moja ili mtoto asije kusikia kwa bodaboda kabla hajasikia kwako. Ifanyike kabla ya likizo ya mwezi wa sita. Ukingoja mpaka warudi Julai utakua umebakiwa na muda wa kufunga makabati tu.

Watoto mstarini hapatoshi mwalimu. Mstarini utasema maneno matatu watapiga makofi wataenda kufagia. Pita darasa kwa darasa ukae nao. La kwanza wana maswali mawili tu, nani atakua mkuu na je uji utaendelea, wajibu hayo ondoka. Hao wa la tano na la sita wape kipindi kizima wakuulize wanachotaka na wewe ujibu bila kuzunguka, useme umri wangu wa kazi umefika, sheria ndio inasema hivyo, sio nyie mmefanya kitu. Nasema hivi kwasababu mwaka 2020 serikali ilipofunga shule tarehe 17 Machi kwa ajili ya korona watoto waliondoka hawajaagana na mtu, na zilipofunguliwa shule za msingi 29 Juni walimu wenzangu waliokua bado kazini walinisimulia watoto wanapita dirisha la ofisi wanachungulia mmoja mmoja kuhakikisha kama walimu wote wapo. Mtoto anahesabu watu wake hata kama hasemi.

Sherehe waachie kamati, wewe usishike hata daftari la majina. Tangu elimu bila malipo ianze 2016 mambo ya michango ni nyeti, mtu akileta kuku wake kwa mapenzi yake sawa, ila isije ikasikika kuna mtoto amerudishwa nyumbani kufuata hela ya kumuaga mkuu.

Na jambo ambalo wengi wanalipitia haraka ni makabidhiano. Achana na funguo na madawati, hivyo kila mtu anakabidhi. Mimi naongelea kitabu cha uandikishaji. Mtu mzima anakuja miaka ishirini baadae anataka uthibitisho wa mwaka aliozaliwa kwa ajili ya kitambulisho cha NIDA au cheti cha kuzaliwa, cheti chake cha la saba kililiwa na mchwa, mahali pekee palipobaki na jina lake ni kwenye hicho kitabu. Na hao wa 2002 ulioandikisha wakiwa wakubwa, wengine waliingia kupitia MEMKWA (mpango wa elimu ya msingi kwa waliokosa) wakaunganishwa katikati na darasa la tatu au la nne, majina ya baba yamebadilishwa, kuna waliorudia, haya yote yako kichwani kwako tu. Kaa na anayekupokea mfungue ukurasa kwa ukurasa, hata kama ni siku tatu. Hapo unakua umewaaga mpaka wale ambao hawatakuja kwenye sherehe.

mzazi_wa_wawili

Mwalimu mimi sio wa shule yako ila nina mmoja la tano na mwingine la sita, sasa piga hesabu, Januari 2028 wote wawili kidato cha kwanza. Sare mara mbili, viatu mara mbili, daftari mara mbili, na kama sekondari iko mbali kuna nauli au kupanga chumba. Zamani kaka akitangulia mdogo anarithi sare na vitabu, safari hii hakuna wa kumrithi mwenzie.

Kwahiyo nakuomba kitu kimoja. Siku watakapokuaga tutakaa tutaimba tutakuvisha kitenge, vizuri kabisa unastahili, ila kabla ya ngoma chukua nusu saa uongee na wazazi wa hayo madarasa mawili kwa lugha ya kijijini kabisa. Wengi huku kwetu wanaamini mtoto wa la tano anarushwa darasa, wanaona anaibiwa mwaka. Hawajui kwamba alichoanza kusoma 2024 akiwa la tatu kilipangwa tangu mwanzo kiishie la sita. Wewe wanakuamini. Afisa akija na gari akasema yale yale watapiga makofi na wataondoka na hofu yao.

Na uwaambie waanze kuweka akiba sasa hivi, hata kwenye vikoba, mwaka mmoja na nusu unatosha mtu kupata hela ya sare. Hilo swali lako kwamba unawaambia nini wakati huamui kitu ndio jibu lake, hakuna anayekudai uamuzi, tunataka mtu atueleze.

Ticha_wa_Magharibi

Salamu kutoka Kenya mwalimu. Hii kitu yenu sisi tumetoka kuipitia, kwahiyo naandika nikijua.

KCPE, mtihani wetu wa kumaliza shule ya msingi, ilianza 1985 na ya mwisho ikafanywa kuanzia mwisho wa Oktoba 2023, darasa la nane likaisha hivyo. Na mwaka huo huo tulikuwa na Gredi ya 7 ya kwanza ya mfumo mpya, yaani mwanzo wa junia sekondari, kwenye boma hilo hilo, kwa sababu serikali iliamua junia sekondari ikae ndani ya shule za msingi wakati wazazi wengine walikuwa washajipanga kupeleka watoto kwingine. Sasa siku ya maombi ya watahiniwa wazazi walikuja wengi kuliko miaka yote, kila mtu alijua hii ndio la nane ya mwisho, watu wakalia, pasta akaomba, picha zikapigwa.

Wale ambao hakuna mtu aliwakumbuka ni walimu. Kuna mwalimu wa hesabu kwetu alikuwa amefunza darasa la nane karibu maisha yake yote ya kazi, huyo ndiye wazazi wanauliza kwanza wakija. Januari 2024 akaja kazini na hakuna la nane, junia ina walimu wake walioajiriwa kivyake, yeye akapewa Gredi ya 4 bila mtu kukaa naye chini kumuuliza anaonaje. Alifunza lakini alibadilika, alikuwa hataki hata kukaa stafu, chumba cha walimu.

Kwahiyo mwalimu ukiwa unaaga, wakae chini wale walimu wako wa darasa la saba. Waambie wazi 2028 watakuwa wapi kama unajua, na kama mkuu anayekuja ndiye ataamua basi muandike kwenye makabidhiano kwamba fulani ni hodari wa hiki na fulani wa kile. Pia viranja, msingoje. Anzeni kuweka wa la nne wasaidiane na wakubwa sasa hivi, maana 2027 wote wanatoka pamoja na mtabaki na la tano ya mwaka huo ambayo haijawahi kuongoza hata mstari wa chakula.

Kijana_Temeke

Shikamoo mwalimu. Mimi sio mwalimu wala sina mtoto bado, nimesoma shule ya kijijini Singida. Mkuu wetu alihamishwa tukiwa la sita, tulirudi likizo tukakuta mwingine amekaa kwenye kiti chake na hakuna aliyetuambia kitu mpaka tunamaliza. Leo nina miaka thelathini na kitu na bado nikikutana na mtu wa nyumbani namuuliza yule mwalimu alienda wapi. Waambie watoto utakua unaishi wapi. Mji gani kijiji gani, basi.

mwl_ajira_mpya

Naheshimu sana aliyosema mzee wa Korogwe, ila mimi naongeza upande wa anayebaki maana ndio nipo huko. Ukishaagwa mwalimu agika kweli. Nimeona sehemu mkuu amestaafu lakini anaishi jirani, kila Ijumaa yupo ofisini, wazazi wanampelekea malalamiko yeye, walimu wanamuuliza yeye ratiba, na mkuu mpya anakua kama mgeni aliyekuja kutembea. Mabadiliko haya ya 2027 yanahitaji mtu mmoja wa kuamua, sio wawili. Najua mnatupenda lakini mkuu mpya akikosea mara mbili tatu mwacheni atajifunza.

mstaafu_Korogwe

Hapo umesema kweli kijana wangu. Mimi mwaka wa kwanza sikukanyaga shule kabisa, nilikua naombwa ushauri kwa simu na mkuu mwenyewe, sio mzazi.

Mama_Chaki

Nimesoma yote mara mbili mbili, Mungu awabariki. Nawajibu kwa ujumla.

Kijana wa Temeke marhaba mwanangu, swali lako lina jibu rahisi kwangu maana mimi nimejenga hapa hapa kijijini, siendi popote, kutoka kwangu kengele ya shule naisikia. Kumbe ndio maana neno la mwl_ajira_mpya limenigusa zaidi. Nimeamua nikikabidhi sitaingia geti la shule mpaka Januari, na nitalisema mbele ya mkutano wa kijiji ili mzazi akija kwangu na jambo la mtoto nimwelekeze ofisini na asione nimemfukuza.

Ticha wa Kenya umenitoa kwenye usingizi, nilikua nawaza watoto na wazazi, walimu wangu wa la saba sikuwawaza hata kidogo kama nao wanapoteza kitu. Nina wawili ambao wameshika darasa hilo miaka mingi. Nitakaa nao kabla ya kikao cha walimu wote.

Mzazi_wa_wawili nusu saa yako ipo, na nitaifanya siku tofauti na sherehe maana siku ya ngoma hakuna anayesikiliza. Nitawaita wazazi wa la tano na la sita peke yao, na anayenipokea akishajulikana nitataka awepo asikie nilichowaahidi na ambacho sikuwaahidi. Yule mzazi aliyesema nakimbia nitamfuata nyumbani kwake kwanza, nilimfundisha yeye na mkewe.

Limebaki moja. Kamati wanataka mwanafunzi wa la sita asome risala ya kuniaga na wameshampata binti mmoja anasoma vizuri sana, ila naona kama risala zetu zote ni zile zile, tunakushukuru kwa malezi bora, tunakuombea maisha marefu. Walimu hua wanawaandikia. Nimkatalie au niache?

mzazi_wa_wawili

Usimkatalie mama, ila waambie walimu wasimwandikie. Akae na wenzie wa la tano na la sita waandike wenyewe maswali na mambo wanayotaka kukuambia, hata yawe sita tu, alafu ajibiwe pale pale na wewe mbele ya wazazi. Wakiuliza kuhusu 2027 ndio vizuri zaidi.

Mama_Chaki

Hiyo naichukua. Kikao cha walimu nimeshakiweka Jumatano ijayo, na viranja wasaidizi wa la nne tunawachagua wiki hii hii.