Msaada wakuu: tovuti nimeiandika mwenyewe, sasa dada wa mapokezi anataka awe anabadilisha bei bila kunipigia

Fundi_wa_Njiro
Wakuu, habari za mchana. Kuna kampuni ya utalii hapa Arusha niliwatengenezea tovuti. Sikuchukua templeti ya mtu, kila mstari wa PHP na CSS (lugha za kuandikia tovuti) nimeuandika mwenyewe, inafunguka chap hata mtandao ukisuasua. Shida ni bei. Msimu wa wageni wengi ukianza Juni zinapanda, Novemba mvua zikianza zinashuka, viingilio vya hifadhi vikibadilika nazo zinabadilika. Ofisi inataka dada wa mapokezi abadilishe bei na picha mwenyewe. Msimbo hajui hata a. Nifanyeje tovuti ibaki kama ilivyo, ila yeye ahariri bila kuivuruga? Matusi hapana. Nawasilisha.

Ngoja_Waje
Nimeweka kambi hapa.

Mzee_wa_Seva
Hamishia WordPress, mfumo wa kuhariri tovuti bila kugusa msimbo. Uzi ufungwe.

Fundi_wa_Njiro
Mkuu nimesema ibaki kama ilivyo. Nikiingiza WordPress inakuwa nzito, plagini (programu za nyongeza) kila kona, kila wiki inadai iboreshwe. Kazi yangu yote naitupa?

Mzee_wa_Seva
Nani kasema utupe? Muundo wako unageuza kuwa themu, yaani sura ya tovuti ndani ya WordPress, unaongeza plagini ya sehemu maalumu za kujaza, kama ACF, dada anaona visanduku viwili vitatu tu: jina la safari, bei, picha. Unampa cheo cha Mhariri, themu na plagini haoni hata zilipo. Tangu 2022, toleo la 6.0, unaweza hata kufunga bloku (vipande vya ukurasa) zisihamishwe wala kufutwa. Sema ukweli, hutaki kwa sababu wakijihudumia wenyewe hela inakatika.

Fundi_wa_Njiro
Elfu thelathini kila badiliko ni makubaliano yetu na bosi, sijamwibia mtu. Turudi kwenye mada.

Mama_Vifaranga
Hiyo ndiyo mada yenyewe baba. Mimi niko upande wa huyo dada. Kijana mmoja alinitengenezea tovuti ya vifaranga, nzuri kweli, kuku wanatembea kwenye kioo. Chakula kikapanda bei, namtafuta abadilishe, simu inaita tu, WhatsApp tiki moja. Mteja akaja na simu mkononi, kaniwekea mbele ya uso: "Mama, hapa umeandika bei hii." Nikamuuzia kwa hasara mbele ya wateja wengine. Nyie vijana mnajenga nyumba halafu funguo mnabaki nazo. Mungu anawaona.

Ngoja_Waje
Kuku wanatembea kwenye kioo 😂 Mama tupe linki.

Kipara_wa_Data
Mleta mada, kabla sijatoa ushauri: bei kwa sasa zimekaa wapi? Na dada anatumia kompyuta au simu?

Fundi_wa_Njiro
Nimezitenga vizuri kwenye faili moja, bei.php. Anatumia kifaa chake.

Kipara_wa_Data
Kifaa gani? Anaifungua na nini?

Fundi_wa_Njiro
Simu. Anaingia cPanel, paneli ya kusimamia faili za tovuti, anafungua faili, anabadilisha namba, anahifadhi. Nilimwonyesha mwenyewe, nikamwambia asiguse kitu kingine. Na hakugusa. Tatizo aliandika hivi:

'machame_7' => 2,150,

Kaweka mkato wa elfu, kama anavyoandika kwenye ankara. Safari ya Kilimanjaro kwa njia ya Machame, siku saba, ikakaa hewani dola 2 wikiendi nzima. Kuna Mjerumani kaomba nafasi mbili, na mfumo ukamtumia barua pepe ya uthibitisho, jumla dola 4. Ndiyo maana nimekuja hapa.

Mama_Vifaranga
Yesu wangu. Kupanda Kilimanjaro kwa bei ya sahani ya chipsi!

Ngoja_Waje
Kumbe kulikuwa na maiti kabatini muda wote tunajadili WordPress.

Komandoo_PHP
Hii ni chai, tena ya maziwa. PHP ikikutana na mkato katikati ya namba inagoma, unapata ukurasa mweupe na ujumbe wa kosa. Haiwezi ikatoa dola 2. Mleta mada anatafuta umaarufu.

Fundi_wa_Njiro
Ningekuwa natunga ningetunga kitu cha kuniaibisha hivi?

Kipara_wa_Data
Komandoo, jaribu kabla hujahukumu. Nimeiendesha sasa hivi, haigomi. Katika orodha ya PHP mkato ndio unaotenganisha kitu na kitu, kwa hiyo inasoma machame_7 ni 2, imeisha. 150 inaichukua kama kitu kingine kisicho na jina na kukipa namba 0. Hakuna kosa lolote la sarufi hapo. Angesahau mkato wa mwisho, na chini yake kuna safari nyingine, ndipo ungeona ukurasa mweupe, na ingekuwa afadhali, maana tovuti iliyozimika haimwahidi mtu bei.

Komandoo_PHP
Sawa, kwenye mkato nimekaa kimya. Lakini wadau, angalieni nyuzi zake za zamani. Kuna mahali kajitambulisha mwalimu wa Biolojia, yuko Singida, anaomba ushauri wa mchumba. Leo ni fundi wa Njiro?

Fundi_wa_Njiro
Mwalimu wa Biolojia haruhusiwi kujua PHP?

Ngoja_Waje
Mchumba alipatikana lakini?

Fundi_wa_Njiro
Ndiye dada wa mapokezi.

Mama_Vifaranga
Haa! Kumbe ndiyo maana hutaki kumlaumu. Hapo nimekupenda bure.

Mzee_wa_Seva
Uzi umeshaingia jukwaa la mapenzi, mimi natoka.

Kipara_wa_Data
Tusimpoteze. Fundi, dada hana kosa. Asiyejua msimbo hapewi faili ya msimbo, hata kama ndani kuna namba kumi tu. Mpe fomu. Kisanduku kimoja kwa kila safari, jina limeandikwa kama anavyolitamka mteja, "Machame siku 7", siyo machame_7. Seva ipokee alichoandika, iondoe mkato, nafasi na alama ya dola, ibakize tarakimu. Kisha ipime: chini ya dola 1,000 kwa safari ya mlima ikatae na imwambie kwa Kiswahili kwa nini. Kabla ya kuhifadhi imwonyeshe bei ya zamani na mpya pamoja, athibitishe. Zihifadhi kwenye JSON, faili ya data tupu, kwa amri ya PHP ya json_encode, mabano na nukuu zijiandike zenyewe. Nakala ya zamani ibaki na tarehe yake, na kuwe na kitufe cha kuirudisha. Picha nazo ni hivyo hivyo, seva ipunguze ukubwa yenyewe, usimwambie "pandisha yenye MB ndogo", hajui MB ni nini na hapaswi kujua.

Sanduku_la_Posta
Au tumia Google Sheets. Dada anajaza kama Excel, unaichapisha mtandaoni kama CSV (jedwali la maandishi matupu), tovuti inasoma. Dosari yake badiliko linachelewa dakika kadhaa kuonekana, na siku akibadili jina la safu kila kitu kinalala. Kwa hiyo funga safu ya majina, achia ya bei tu, na tovuti itunze nakala ya mwisho iliyo nzima, Google ikigoma isome hiyo.

Fundi_wa_Njiro
Nashukuru, lakini Sheets sitaki. Nimeshaanza dashibodi yangu, fomu ipo karibu na hivyo Kipara alivyosema. Imebaki sehemu ya kuingia.

Kipara_wa_Data
Imebaki kivipi? Iko hewani bila paswedi?

Fundi_wa_Njiro
Kwa sasa anayeijua linki ndiye anaingia. Ila linki ni ndefu, huwezi kuikisia.

Komandoo_PHP
Huyu siyo chai, huyu ni hatari.

Kipara_wa_Data
Ndefu haisaidii. Inabaki kwenye historia ya simu, inatumwa WhatsApp, mtu anaipiga picha. PHP ina password_hash, ya kutunza paswedi kwa usalama, tangu toleo la 5.5, 2013 hiyo. Ni mistari michache, unamaliza leo hii.

Mama_Vifaranga
Na yule Mjerumani wa dola 4?

Fundi_wa_Njiro
Bosi kamwandikia kuomba radhi, kampa punguzo kidogo. Kajibu kwamba anaelewa, ila tiketi ya ndege ameshakata, kwa hiyo anataka kujadiliana.

Ngoja_Waje
Mwambieni dola 4 zinamfikisha getini.

Kipara_wa_Data
Fundi, linki umeshaifunga?

Fundi_wa_Njiro
Jioni mkuu. Dada bado anapandisha picha za njia ya Lemosho.