Mjadala: Majini wa Resident Evil 5 wanaongea Kiswahili. Watoto wetu tuwaachie?

Mjomba wa Tanga (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnivumilie, maelezo ni marefu kidogo.

Sikukuu iliyopita alikuja kwangu mpwa wangu wa miaka 11. Nina PS3 ya mtumba, niliinunua ikiwa na magemu yamejazwa humohumo ndani, mojawapo Resident Evil 5. Mtoto kaona picha, kaomba tucheze wawili. Nikampa pedi ya pili: mimi Chris Redfield, yeye Sheva Alomar. Skrini ikagawanyika, tukaanza kukatiza kwenye ule mji wa vumbi na mabati, bucha la mbuzi upande mmoja, watu wamesimama wanatukodolea macho. Dogo akanigeukia: "Mjomba, mbona hawa wanaongea kama sisi?"

Mimi nilipolicheza zamani nilicheka tu, nikawaita na jamaa waje wasikie. Safari hii sikucheka.

Kwa wasiolijua: ni gemu la Capcom ya Japani, lilitoka Machi 2009 kwa PS3 na Xbox 360, baadaye likaingia kwenye kompyuta na mashine nyingine. Hadithi iko Kijuju, mahali pa kubuni Afrika Magharibi. Wakazi wake wamepandikizwa vimelea na kugeuka kitu kinachoitwa Majini. Si maiti waliofufuka. Ni watu hai, wanashika mashoka, wanarusha baruti, wanaendesha pikipiki, wanapiga kelele kwa Kiswahili. Kwa hiyo mtaalamu atasema si mazombi, lakini mtaani wote tunawaita mazombi, nami nitawaita hivyo.

Kama gemu la kucheza wawili, sijashika zuri kuliko hili. Kila mmoja ana nafasi tisa tu za kubebea vitu, na ukifungua mkoba gemu halisimami, mazombi wanaendelea kuja. Risasi zikimwishia mwenzako inabidi umsogelee umkabidhi mkononi. Mmoja akianguka anakuwa na sekunde chache za kupumua, usipomfikia akafa, mnarudi nyuma wote wawili. Kule mgodini gizani mmoja anabeba taa, hawezi kupiga risasi, na mwingine anapiga lakini haoni bila taa ya mwenzake. Dogo alikataa kunipa taa. Alisema yeye ndiye anayeijua njia, na kweli aliijua.

Sasa hoja. Najua Marekani limewekewa lebo ya miaka 17 kwenda juu, na Ulaya 18. Lakini waliolipima walipima damu, mashoka na matusi ya Kiingereza. Kwa mtoto wa Osaka au Ohio kelele za wale watu ni ngurumo ya zimwi, hana cha kuelewa. Mpwa wangu anaelewa. Anampiga risasi mtu anayeongea kama baba yake mdogo. Lebo gani imelihesabu hilo?

Msimamo wangu: chini ya miaka 14 hapana, kuanzia 14 acheze akiwa na mkubwa. Lakini sijatulia. Karibuni, tusitukanane.

Fundi Pedi, Mwanza

Mkuu, nina banda la gemu mwaka wa sita sasa, niongee kama mtu wa kazi. Lebo unayoisema iko kwenye kasha. Bandani kwangu kasha liko wapi? Magemu tunanakili, dogo analeta jero yake, anakaa nusu saa, anaondoka. Tangu nifungue sijawahi kumwona mzazi akija kuuliza mwanawe anacheza nini. Wanakuja kuuliza kwa nini hajarudi nyumbani, basi.

Halafu tusidanganyane, madogo tisa kati ya kumi wanataka mpira. Gemu la mazombi linaombwa na wale wawili watatu walioshibana. Na hao nimewaona kwa macho yangu: watoto waliokuwa wanagombania andazi asubuhi, mchana wanagawana majani ya kijani na mekundu ya kujitibu, mmoja anamwambia mwenzie "chukua wewe, mimi damu bado ipo." Kwenye mpira wanatukanana mpaka nazima mashine.

Ushauri wa bure: msicheze na Sheva wa kompyuta. Atayamaliza majani yote kukutibu mchubuko.

Mama Wawili, Nakuru

Ndugu Fundi, nakuheshimu, lakini hiyo ya majani haijanishawishi. Nina vijana wawili, wa miaka 9 na 13. Mkubwa aliona video za hili gemu kwa simu ya rafiki yake, nikaketi naye tukatazama pamoja kabla ya kusema ndiyo au la.

Niliona nini? Mwanzo tu, mtu anakatwa kichwa kwa shoka hadharani, mbele ya umati unaochochewa na jamaa mwenye kipaza sauti. Nikasimamisha video. Mimi nilikuwa hapa Nakuru Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Umati unaokimbia barabarani na mapanga ukipiga kelele si jambo la kubuni kwangu. Sijui waliotengeneza walikuwa wanafikiria nini, pengine hawakufikiria chochote, lakini sitaweka picha hiyo kwa sebule yangu niiite burudani.

Na kuna jambo ambalo nyinyi wanaume hamkuligusa. Ukimaliza gemu na kukusanya nembo zilizofichwa humo, unafungua mavazi ya ziada ya Sheva. Moja linaitwa la kikabila: kijingozi hapa, kijingozi pale, na rangi mwilini. Huyu ni askari aliyefunzwa, anayejua kazi yake. Zawadi ya kumaliza kazi ni kumvua nguo. Kijana wa miaka 13 anajifunza nini hapo? Hata wa 17 tukubaliane hahitaji.

Mjomba wa Tanga

Dada, la mavazi nimekubali mia kwa mia, na kusema kweli nililisahau kwa sababu sijawahi kulifungua. La Nakuru sina la kusema, pole sana.

Mtafsiri Asiye na Kazi, Dar

Naona tunazunguka. Mjadala huu ulianza kabla gemu halijatoka. Mwaka 2007 Capcom walionyesha kionjo chake: Mzungu mwenye bunduki katikati ya umati wa watu weusi. Mwaka uliofuata N'Gai Croal, mwandishi Mmarekani mweusi aliyekuwa Newsweek, akasema wazi kwamba picha zile zimebeba historia ambayo waliozitengeneza hawakuonekana kuijua. Wakamrukia mitandaoni kama nyuki. Gemu lilipotoka mle ndani wamo majini wachache weupe pia, ila ukifika sura ya tatu, kwenye kinamasi, unakutana na Wandipaya, kabila la kubuni, wa sketi za nyasi, vinyago na mikuki. Mwaka 2009, jamani. Sketi za nyasi.

Mimi kama mtu wa lugha nina kesi yangu. Kijuju iko Afrika Magharibi. Kule kuna Kihausa, Kiyoruba, Kiigbo, Kiwolofu, lugha za kumwaga. Kiswahili kimefikaje? Jibu ni kwamba kwao Afrika ni kijiji kimoja. Angalieni majina ya wadudu wao: Kipepeo, ambaye kweli anaruka lakini ni kimelea kinachotaka kukurarua. Popokarimu, popo mkubwa kama nyumba. Popo sawa, lakini ukarimu wake mimi sijauona. Bui Kichwa, yaani walimkata buibui katikati wakamgandisha kichwa. Mtu kafungua kamusi akachagua kwa utamu wa sauti.

Sasa nitawashangaza: mimi naona kijana wa miaka 15 acheze. Ni gemu gani jingine kubwa limetupa kitu cha kukosoa tunachokijua kuliko waliokitengeneza? Mwanafunzi wangu wa ziada aliandika insha nzuri kuliko zote za mwaka ule kuhusu jina Popokarimu.

Maalim wa Mkunazini, Unguja

Assalaam aleikum. Mie si mtu wa magemu, nimeitwa na kijana wangu nisome.

Nataka kuuliza hilo jina. Wanasema "majini" kwa Kiswahili maana yake pepo wabaya. Nani kawaambia? Jini ni kiumbe, sote twajua, na majini wamo wema na waovu, wamo Waislamu na wasio Waislamu, na wengine watu wameishi nao kwenye majumba yao hapa Mji Mkongwe miaka dahari. Mtu aliyetiwa mdudu mwilini akawa mwendawazimu si jini. Huyo ni mgonjwa.

Kijana wangu aliponionyesha lile la midomo inayopasuka ikafunguka kama ua, nikamwambia zima. Si kwa sababu naogopa. Ni kwa sababu mdogo wake wa miaka 7 alikuwa mlangoni, na usiku ule hakulala, akisema majini yamo chooni. Sasa mie nimsomeshe vipi mtoto habari ya majini kama ilivyo, na yeye keshayaona kwenye TV yana mashoka?

Kwa hivyo suala langu kwa Bwana Mjomba: unasema miaka 14 na mkubwa awepo. Je, wadogo wanaopita mlangoni umewahesabu?

Fundi Pedi, Mwanza

Maalim hapo umenikamata. Banda langu lina pazia tu. Wanaochungulia ni wengi kuliko wanaocheza.

Nesi wa Zamu ya Usiku, Kigoma

Niongeze kitu ambacho sijaona mtu akikigusa. Mwanangu wa kidato cha pili alikuwa ananisomea zile karatasi zinazookotwa mle ndani ya gemu. Moja ni shajara ya kijana wa Ndipaya. Anaeleza jinsi watu wa kampuni walivyokuja kijijini kuwachoma sindano wakiwaambia ni kinga, na siku chache baadaye kijiji kinaharibika.

Mimi kazi yangu ni kuchanja watoto. Mnajua tunavyobembeleza? Mnajua mama anavyotoroka na mtoto mgongoni kwa sababu jirani kamwambia sindano inaleta utasa? Mwanangu aliniuliza kwa utani, "Mama, na nyinyi mnachanja majini?" Alikuwa anatania, ana akili. Lakini yupo mwenzake ambaye hatanii.

Mtafsiri Asiye na Kazi, Dar

Dada Nesi, nakuelewa, ila igeuze shilingi. Shajara hiyohiyo ndiyo mahali gemu linaposema wazi kwamba wale watu walidanganywa. Mkosaji ni kampuni ya nje, Tricell, iliyokuja kwa ajili ya ua linaloota kwao na kuwafanya wanakijiji panya wa majaribio. Mtoto anayesoma zile karatasi anatoka na huruma. Asiyesoma anatoka na hesabu ya vichwa.

Nesi wa Zamu ya Usiku, Kigoma

Na zimeandikwa Kiingereza. Wangapi bandani kwa Fundi wanazisoma?

Fundi Pedi, Mwanza

Hakuna. Wanabonyeza kuruka. Na hadithi yenyewe wanaruka, wanasubiri pale Chris anapolipiga ngumi jiwe kubwa kama lori ndani ya volkano. Hapo banda zima linasimama kushangilia.

Haya, niseme ukweli. Nimesoma yote tangu mchana wateja wakiwa wamepungua. Sitalifuta, hao wawili watatu ni wateja wangu wa kudumu na wamefika kidato cha nne. Ila nitalihamishia kwenye mashine ya nyuma, ile iliyogeukia ukuta, na sare ya msingi haitaikalia. Mama Wawili atasema haitoshi.

Mama Wawili, Nakuru

Haitoshi. Lakini ni zaidi ya yale yanayofanywa na serikali mbili nilizoishi chini yake, kwa hivyo asante.

Mjomba, hujatuambia. Huyo mpwa wako mlimaliza gemu?

Mjomba wa Tanga

Hatukumaliza. Tuliishia kule kwenye magari, pale mnafukuzwa na pikipiki savana nzima. Nilizima nikasema umeme unasumbua, nikaweka mpira, akanifunga manne. Mama yake, yaani dada yangu, sijamwambia hadi leo. Akiusoma uzi huu nimekwisha.

Maalim, wadogo wa mlangoni sikuwahesabu. Nilikuwa na mabinti wangu wawili wanapitapita na sikuwaona hata kidogo, nilikuwa natafuta risasi.

Lakini sikuwaeleza kilichonifanya nilete mada. Jana dogo kanipigia kwa simu ya mama yake. Nikajua anataka kuuliza lini atarudi kucheza. Akaniuliza, "Mjomba, yule Sheva si Mwafrika?" Nikamwambia ndiyo. "Mbona yeye hajui Kiswahili?" Nikavuta kumbukumbu, hadithi nzima nimemsikia kwa Kiingereza tu, na rafiki yake Josh vilevile, na yule mwenye bucha pia kabla hajakatwa kichwa. Wote wanaokusaidia.

Nikamwambia simu inakatika, nitampigia kesho. Kesho ndiyo leo.