Mrejesho: Rusinga na Mfangano tumefika

Niliuliza njia ya kutoka Kisumu kumpeleka mama kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria, magoti yakimsumbua, na kama tulale Mbita, mji wa bara ulio karibu, au kisiwani. Ahsanteni sana mlioniambia nipitie Luanda Kotieno, kwenye gati la feri ya Mbita! Feri inabeba magari, na ukishuka Mbita unavuka daraja hadi Rusinga na gari lako.

Tulilala Rusinga. Chumba cha chini, hakuna ngazi, chandarua hakina hata tundu moja. Jioni samaki ngege (tilapia) mzima wa kukaanga, na ugali wa mtama ukifuka moshi. Mama alikula mpaka kichwa. Mwenye mzazi mzee asikubali kulipa kabla ya kuuliza kuhusu ngazi na bafu.

Kaburi la Tom Mboya, waziri wa Kenya aliyeuawa 1969, liko hapo Rusinga, limejengewa nyumba yenye umbo la risasi. Mama alisimama pale muda mrefu.

Kisiwa jirani cha Mfangano nilienda peke yangu kwa boti kutoka Mbita, kuona michoro ya kale mwambani: miduara myekundu na myeupe. Kupanda ni kazi. Ondokeni asubuhi, upepo wa mchana huchafua ziwa, na msipande boti isiyo na majaketi ya kujiokoa.