Miaka mitano ya kusomea udaktari, hakuna mwalimu aliyewahi kutazama mkono wangu ukipima mgonjwa

Wakuu, nimetoka zamu ya usiku na hasira zimenijaa, mnivumilie.

Niko intanishipu, yale mazoezi ya kazi baada ya chuo, Kanda ya Ziwa. Jana kaletwa mtoto wa miaka 7, hoi, viganja vyeupe. Nikamlaza, nikabonyeza chini ya mbavu za kushoto, sikugusa kitu cha ajabu. Nikaandika tumbo liko sawa, nikampa mama yake karatasi ya ultrasaundi. Akafungua fundo la kanga, akahesabu noti, akaenda kulipa.

Sista wa zamu, mtu mzima ninayemwamkia shikamoo kila siku, akasugua viganja vyake vipate joto. Akamkunjisha mtoto magoti, akaanza kupapasa chini kabisa upande wa kulia, karibu na nyonga, akapanda polepole kuelekea mbavu za kushoto, mtoto akivuta pumzi. Kisha akanishika mkono. "Mwanangu, anzia chini." Bandama ilikuwa imefika kitovuni! Vidole vyangu vilikuwa juu yake tangu mwanzo, ndiyo maana ukingo sikuupata. Huku kwenye malaria na kichocho, magonjwa yanayovimbisha bandama, daktari asiyejua kutafuta bandama ni hatari.

Nani alinifundisha? Wodini tulikuwa zaidi ya ishirini kitanda kimoja. Wa mbele wanaona tumbo, sisi wa nyuma tunaona migongo ya makoti. Daktari bingwa anafungua faili, anauliza majibu ya maabara, haoo, kitanda kinachofuata. Mgonjwa kafunuliwa mbele ya umati, hata kuombwa ruhusa hakuna. Mtihani ukikaribia tunakariri: kutazama, kupapasa, kugonga, kusikiliza. Tunapimana wenyewe hosteli, matumbo ya vijana wazima yasiyo na bandama ya kugusa. Tukafaulu, tukaapishwa.

Msinijibu kwamba walimu ni wachache. Nalijua hilo. Lakini raundi ya wodini inayochukua saa tatu nzima haikosi dakika kumi za mwanafunzi mmoja. Nilichokosa ni mwalimu kusimama pembeni, anitazame nikipima mgonjwa kuanzia salamu hadi kumrudishia shuka, aniambie: hapo umekosea, rudia. Mara moja kwa wiki ingetosha.

Mliosoma vyuo vingine, kuna aliyefanyiwa hivyo hata siku moja? Semeni ukweli.