Uwanja wa tenisi wa udongo shuleni kwetu Iringa: tuanzie wapi?

Mwalimu wa Michezo (Iringa)

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninafundisha michezo katika shule ya sekondari mkoani Iringa, na bodi ya shule imetukubalia eneo lililo chini kidogo ya mabweni ili tujenge uwanja mmoja wa tenisi. Uwanja wa zege au wa lami umetuzidi uwezo, na hata tungekuwa na fedha ningependelea udongo, kwa kuwa ni laini zaidi kwa magoti ya watoto na humfundisha mchezaji kuvumilia mabishano marefu ya mpira badala ya kutegemea nguvu ya pigo moja.

Tulicho nacho kwa wingi ni udongo mwekundu, vichuguu, na matanuri ya matofali ya kuchoma ambayo kila msimu huacha marundo ya vipande. Mvua huku huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili, kisha hufuata miezi mingi ya ukavu, upepo na vumbi, na maji ya bomba huja kwa mgao. Je, udongo wa kichuguu peke yake unatosha, kama ule unaotumika kusakafia nyumba, au ni lazima tusage matofali tupate unga mwekundu kama wa viwanja vya Ufaransa tunavyoviona kwenye televisheni? Aidha, naomba kujua utunzaji wake wa kila siku ukoje, maana sitaki tujenge kitu kitakachogeuka shamba la magugu baada ya msimu mmoja wa mvua.

Mhandisi wa Barabara (Nairobi)

Mwalimu, hongera kwa kupata eneo. Kabla hatujafika kwenye udongo wa juu, nakusihi uitazame njia ya maji, kwa sababu uwanja wa udongo huharibiwa zaidi na maji yaliyokosa pa kwenda kuliko viatu vya wachezaji. Umesema uwanja utakuwa chini ya mabweni, na hiyo ina maana kwamba maji yote ya mapaa na ya mteremko yatakushukia wewe. Chimbeni kwanza mtaro wa kuyakinga upande wa juu, nje ya uzio, uyapeleke pembeni, ndipo muanze kugusa uwanja wenyewe.

Eneo linalohitajika, pamoja na nafasi ya kukimbilia nje ya mistari, ni mita 36.57 kwa 18.29. Urefu wake uelekee kaskazini na kusini ili jua la asubuhi na la jioni lisimchome mchezaji machoni. Ondoeni udongo wote wenye mizizi, sentimita 15 hadi 20, na mkikuta ule mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba wakati wa mvua, uondoeni kabisa hata kama kina kitaongezeka, kwa kuwa haukubali kutulia chini ya chochote mtakachoweka juu yake. Kisha wekeni tabaka la kokoto kubwa au la vipande vya matofali yaliyoiva vizuri, lenye unene wa sentimita 15 baada ya kushindiliwa. Kwa eneo hilo ni karibu mita 100 za ujazo, kwa hiyo agizeni kama 130, kwa sababu kokoto zikishindiliwa hupungua. Juu yake lije tabaka la vumbi la kokoto kutoka kwenye machimbo, sentimita 5 hadi 7. Kila tabaka lishindiliwe peke yake likiwa na unyevu, wala msikubali fundi anayetaka kumwaga vyote kwa pamoja na kupitisha mashine mara moja.

Jambo ambalo mafundi wengi hukosea ni mteremko. Sisi tunaojenga barabara tumezoea kuinua katikati ili maji yateremke pande zote mbili. Kwenye uwanja wa tenisi msifanye hivyo. Uso wote uwe bapa moja linaloinama kutoka upande mmoja wa pembeni hadi wa pili, na mwinamo usizidi nusu ya asilimia, yaani tofauti ya sentimita 9 katika upana wote wa mita 18.29. Macho ya mchezaji hayatauona, lakini maji yatauona. Upande wa chini mchimbe mtaro uliojazwa kokoto, na ukingo wa matofali unaoshikilia udongo usiinuke hata kidogo juu ya uso wa uwanja, la sivyo mtakuwa mmejenga bwawa.

Mpenzi wa Tenisi (Köln, Ujerumani)

Salaam kutoka ughaibuni. Niko katika klabu ya mtaa huku, ambako viwanja vya udongo mwekundu ndivyo vya kawaida, na kila masika ya Ulaya wanachama hujitolea kuvitengeneza upya. Ningependa kuongezea kuhusu huo unga mwekundu, maana watu wengi wanaotazama mashindano ya Roland Garros, yale ya Ufaransa, hudhani kwamba uwanja wote ni udongo mwekundu tangu juu hadi chini. Ule wekundu ni milimita chache tu za unga wa matofali. Chini yake kuna tabaka la mawe ya chokaa yaliyosagwa, jeupe, lenye sentimita kadhaa, kisha masalia ya makaa ya mawe yaliyoungua, kisha changarawe na mawe. Chokaa ile hunyonya maji na kuyaachia polepole, ndiyo maana uso haukauki upesi, na unga wa juu upo ili mguu uteleze na mpira uache alama.

Kwa hiyo, Mwalimu, marundo yenu ya matofali ni mali. Eneo lenu ni kama mita 669 za mraba. Mkiweka unga wa unene wa milimita 2 mtahitaji takriban mita 1.3 za ujazo, yaani tani moja na nusu hadi mbili, kiasi ambacho shule inaweza kukisaga. Ila chagueni matofali kwa uangalifu. Chukueni kipande kutoka kila tanuri, mkiloweke usiku kucha, na asubuhi mkisugue kwa kidole gumba. Kikitoa tope, kilitoka ukingoni mwa tanuri ambako moto haukufika, na unga wake utageuka matope mvua ya kwanza itakaponyesha. Kikibaki kigumu na maji yakawa safi, kinafaa. Chekecheni unga kwa wavu wa matundu ya milimita 2, na wanaosaga wafunike pua na midomo kwa barakoa nzuri, kwa kuwa vumbi la matofali ni hatari kwa mapafu; kazi hiyo wasipewe wanafunzi.

Mna bahati moja kubwa ambayo sisi hatuna. Huku barafu huinua na kulegeza uso wa uwanja kila majira ya baridi, ndiyo maana tunalazimika kukwangua na kushindilia upya kila mwaka. Kwenu tabaka za chini zikishatulia zimetulia. Udongo wa kichuguu mimi ningeuacha, kwa sababu haupitishi maji.

Mtunza Viwanja (Pwani)

Mwalimu, nakusalimu. Nimetunza viwanja vya udongo kwa muda mrefu wa maisha yangu ya kazi, na kwa heshima zote sikubaliani na ndugu yetu wa Köln kuhusu kichuguu. Mchwa huchagua chembe laini za udongo na kuziunganisha kwa mate yao, na udongo huo ukipondwa, ukachekechwa, ukalowanishwa na kushindiliwa, huwa mgumu na wenye uso laini ambao mpira hudunda juu yake kwa usawa. Australia wana viwanja vya aina hiyo hasa, na Rod Laver, aliyeshinda mashindano yote manne makubwa katika mwaka mmoja mara mbili, 1962 na 1969, alilelewa akicheza kwenye udongo wa vichuguu huko Queensland. Ni kweli haupitishi maji, lakini hapo ndipo ule mteremko wa Mhandisi unapofanya kazi yake: maji yatiririke juu ya uso na kutoka, yasisubiri kuzama.

Tatizo la kichuguu kitupu ni nyufa. Changanyeni na mchanga au na moramu iliyochekechwa, na kipimo msikiulize kwangu, kiulizeni udongo wenu. Tengenezeni viraka vya mita moja kwa moja, kila kimoja na mchanganyiko wake, mvishindilie, mvimwagilie, mviache juani wiki kadhaa. Kinachopasuka kina mfinyanzi mwingi, kinachomomonyoka ukikifagia kina mchanga mwingi. Mkishapata kinachofaa, wekeni sentimita 5 za mchanganyiko huo badala ya vumbi la kokoto, kisha mnyunyize juu yake unga wa matofali kidogo tu, ili watoto waweze kuteleza bila kuuchimba uso.

Kuhusu utunzaji, jambo la kwanza ni maji. Uwanja mkavu hupeperuka, na huko kwenu upepo wa Agosti utauhamishia kwa jirani. Kulowanisha eneo zima kwa milimita 3 kunataka lita 2,000, yaani tangi moja la kawaida, na mapaa ya mabweni yanaweza kulijaza wakati wa mvua. Kiangazi mwagilieni jioni baada ya mchezo, maji yapate usiku mzima wa kuzama, na mrudie kidogo kabla ya kucheza. Mnaponyunyiza, elekezeni mpira wa maji juu ili maji yaanguke kama manyunyu, kwa sababu mkondo wa moja kwa moja huchimba mashimo.

La pili ni kuburuta. Kila kundi likimaliza kucheza, liburute wavu mzito au mkeka wa nyuzi ngumu kwa kuzunguka, likianzia nje karibu na uzio na kuishia katikati. Anayeburuta ndani ya mistari peke yake anausogeza unga kutoka katikati kwenda pembeni siku baada ya siku, na mwaka ukiisha anakuwa na sahani yenye kingo, ambayo maji hukaa ndani yake. Kazi hii wapeni wanafunzi wenyewe, iwe sehemu ya mchezo kama kusalimiana kwenye wavu. Mistari ifagiliwe mwisho.

La tatu ni rola, na hapa ndipo wakati una thamani. Baada ya mvua, msikanyage uwanja. Bonyeza uso kwa kisigino: udongo ukikuganda kwenye soli, rudi baadaye, alama ikibaki na soli ikatoka safi, hapo vuteni rola polepole, kwanza kwa urefu kisha kwa upana. Ukichelewa ukakuta uso umepauka, rola haitashindilia chochote. Magugu yang'oeni kwa mkono pamoja na mizizi, yakiwa na majani mawili, msingoje yawe nyasi.

Mwalimu wa Michezo (Iringa)

Nawashukuru sana nyote. Nimeshawaomba wanafunzi wa jiografia watusaidie kupima viraka. Maswali mawili yamebaki. Mistari tutumie chokaa au utepe wa plastiki unaopigiliwa misumari? Na bodi ingependa uwanja ufunguliwe kabla ya mvua za mwaka huu, je, inawezekana?

Mhandisi wa Barabara (Nairobi)

Chokaa ni rahisi lakini huoshwa na mvua na huhitaji kupakwa kila mara, ila kwa mwaka wa kwanza ningeitumia hiyo, kwa sababu uso bado utakuwa unatulia na utepe utainuka na kuwakwaza watoto. Mkipima mistari, hakikisheni kona ni za mraba: uwanja wa wachezaji wawili kwa wawili ni mita 23.77 kwa 10.97, na ulalo wake kutoka kona hadi kona lazima uwe mita 26.18 pande zote mbili. Zikitofautiana hata kwa sentimita tatu, ng'oeni vigingi mpime upya.

Kuhusu tarehe, ningewaomba bodi wavute subira. Jengeni mitaro na tabaka la kokoto kiangazi hiki, kisha msimu mzima wa mvua upite juu yake. Kila baada ya mvua kubwa mtu atembee pale na kupigilia kigingi mahali maji yaliposimama, na mwezi wa Mei mjaze na kushindilia sehemu hizo kabla ya kuweka tabaka la juu. Kinachozama sasa kitarekebishwa kwa mkokoteni wa kokoto, lakini kikizama mwakani mtalazimika kufumua uso mzima.