Mama anakuja kutoka Tanga, magoti yanamsumbua: Bacharach inafaa?

MgeniMainz: Habari za jioni wakuu. Septemba mama anakuja na mdogo wangu wa miaka 17. Nataka kuwatoa siku mbili, nimechoka kutembeza wageni madukani. Nimependa Bacharach, kale kamji ka zamani ka Ujerumani kando ya mto Rhine, si mbali kwa treni kutoka hapa Mainz. Shida ni kwamba mama magoti yamechoka, dogo naye anataka kupanda milima. Ile ngome ya juu, Burg Stahleck, siku hizi ni hosteli. Tukalale huko? Halafu pombe hatunywi, na nasikia kule kila kitu ni mvinyo.

ShangaziKoblenz: Mwanangu, ngomeni usimpandishe mama. Kutoka kanisani ni ngazi na mwinuko mpaka juu. Mimi nilipumzika mara nne, na magoti yangu mazima. Chukueni chumba mjini, ila ulizia cha chini. Nyumba zile nyingi hazina lifti, ngazi zake kama vidato vya mnazi. Na dirisha lisitazame reli! Treni za mizigo zinapita usiku, kingo zote mbili.

KijanaWaPwani: Ya reli ni kweli kabisa. Nililala na mto juu ya kichwa (wa pamba, si ule wa maji).

Dogo apande Postenturm, mnara ulio kwenye mashamba ya mizabibu. Si mbali, na mji wote anauona chini yake. Akitaka zaidi afuate alama za Rheinburgenweg, njia ndefu ya miguu inayopita kwenye ngome za Rhine. Viatu viwe na meno, yale mawe meusi ya bamba yakilowa ni sabuni. Njia ya ngomeni ina magofu ya Wernerkapelle, kanisa dogo la zamani. Asipige picha tu akaondoka: chimbuko lake ni uzushi wa 1287, Wayahudi waliposingiziwa kumuua kijana Werner, na wengi wakauawa.

BahariaMstaafu: Mama mpeleke kwenye kivuko cha Kaub, kilomita kama 3 ukifuata mto unakotelemkia. Kati ya Mainz na Koblenz hakuna daraja hata moja, watu wanavuka kwa vivuko. Kutoka hapo ataiona Pfalzgrafenstein, ngome iliyokaa katikati ya mto kama meli iliyotia nanga. Ilianza kujengwa miaka ya 1320 kwa ajili ya kutoza ushuru vyombo. Deutschlandticket, ile tiketi ya mwezi ya nchi nzima, inakubalika treni za mkoa, ICE zile za kasi hapana. Meli za utalii mnalipia.

ShangaziKoblenz: Msisahau Altes Haus, nyumba kongwe ya fremu za mbao pale mjini. Mama yangu alipokuja tulikuta nyumba ya jirani inakarabatiwa, plasta imebanduka, fito na udongo vinaonekana. Akagusa, akanitazama. "Kumbe na hawa wanakandika?" Siku nzima hakuwa na habari nyingine.

MgeniMainz: 😂 Mama yangu naye atagusa, namjua. Asanteni sana. Nimeshapata chumba cha chini, dirisha upande wa mlimani. Dogo ngomeni ataenda peke yake, sisi tutamsubiri kivukoni. Shangazi, cha kunywa sasa?

ShangaziKoblenz: Agiza Traubensaft, juisi ya zabibu, wanayo. Na mama abebe mtandio mzito, Septemba asubuhi pale mtoni kuna ukungu.