Naomba ushauri: nikikosolewa kodi yangu nakosa usingizi

Wakuu, habari za jioni. Niko Kigoma, huu mwaka wa nne naandika programu za kompyuta. Kazi naifanyia chumbani, na mama mwenye nyumba anaamini sina kazi; juzi kaniuliza kwa nini nisijaribu biashara ya dagaa. Hilo nimelizoea.

Shida yangu ni nyingine. Tuko watatu kwenye mfumo wa mauzo wa duka la jumla, na kabla kodi haijaingizwa (sisemi ya nyumba wala ya TRA, ni yale maandishi ya programu, "code") lazima mwenzako aipitie. Dogo mmoja, kamaliza chuo mwaka jana, kanionyesha kosa: hela nilizihifadhi kwa namba za desimali za kawaida za kompyuta, zile ambazo 0.1 ukijumlisha na 0.2 unapata 0.30000000000000004. Hesabu za jioni zikawa hazifungi. Dogo yuko sahihi kabisa! Lakini nilimjibu vibaya, nikazima kompyuta, nikaenda kushinda Katonga naangalia mitumbwi.

Mmarekani Gerald Weinberg alishaandika tangu 1971 kwamba mtu asiifanye programu yake kuwa sehemu ya nafsi yake. Kichwani naelewa. Moyoni kila kosa naliona linanitaja jina.

Waliopitia hili, mlijinasuaje? Na dogo nimwombe radhi pembeni, au palepale kwenye kundi nilipomjibu ovyo?